Misumari Mdomoni

Kila nifikapo katika mji nisioujua, kabla sijatafuta pa kulala hutafuta karakana ya makochi. Sababu yenyewe ni ya kivivu: ni mahali ambapo mgeni hakosi kiti. Kwa dobi utasimama, kwa fundi saa utainama dirishani, lakini kwa fundi makochi hata hujajieleza unaambiwa, "Kaa hapo, hicho kimeshakauka." Nimekaa hivyo katika nchi kadhaa, nikasikiliza lugha ambazo nyingine nilizielewa na nyingine nikaziitikia kwa kichwa tu. Kati ya karakana zote hizo, moja ndiyo ninayoikumbuka kwa moyo wa shukrani. Ni ya kaka na dada, na nimekuwa nikirudi kuikalia kwa miaka, kila safari zinaponipitisha upande ule.

Kaka wanamwita Randa. Kazi yake ni mbao: fremu, miguu, mikono ya viti. Dada wanamwita Misumari, na kazi yake ni kila kinachokuja juu ya mbao: mikanda, springi, sponji, kitambaa, vifungo. Jina lake lilitokana na desturi aliyorithi kwa marehemu baba yao. Hutia misumari midogo mdomoni, gao zima, akaibana shavuni, kisha huisukuma kwa ulimi mmoja mmoja mpaka midomoni. Kiganja cha kushoto kinavuta kitambaa, vidole viwili vya mkono huohuo vinachukua msumari, nyundo inashuka. Anayeijua kazi hiyo huuzunguka ukingo wa kochi kama mtu anayepiga taipu. Siku hizi kuna bunduki za pini, na Randa aliwahi kununua moja. Dada yake aliijaribu asubuhi moja, akamrudishia. "Pini inakifinya kitambaa," alisema. "Mimi nataka kukishika."

Misumari ana ugonjwa wa skizofrenia. Ulimjia akiwa binti mbichi, ndiyo kwanza anajifunza kukata kitambaa, na ulikuja na sauti ambazo yeye huziita wapangaji. "Wamehamia bila kuuliza," aliniambia zamani, tulipozoeana. "Hawalipi kodi, na kila mmoja ana la kusema kuhusu kazi yangu." Dawa ziliwatuliza wapangaji, ila hazikuwafukuza kabisa. Mara mbili waliwahi kurudi kwa kishindo. Mara ya kwanza alikaa siku nzima akibishana na kochi. Mara ya pili alikata vipande vipande kitambaa cha mteja akimtafuta mtu ndani yake, na nyundo ikapita dirishani. Hakuumia mtu, lakini mama yao, anayekaa chumba cha nyuma ya karakana, hakuweza tena kusikia kioo kikivunjika bila kushika kifua.

Baada ya hiyo mara ya pili, Mama alimwapisha Randa. Wapangaji wakirudi tena, Misumari ataweka nyundo chini moja kwa moja, ataenda kukaa kwa shangazi yao mwenye nyumba tulivu na chumba cha ziada.

"Hapa pana mikasi, pana gundi, pana petroli ya kusafishia," Mama alisema. "Mimi sitaki mtoto fundi. Nataka mtoto mzima."

Randa aliapa. Misumari alikuwepo na alisikia. Tangu siku hiyo kila mtu mle ndani alijua kwamba nyundo ile haikuwa yake tena moja kwa moja, kwamba ameazimwa na afya yake.

Safari ninayoieleza, nilifika na kiti changu cha kukunja, ambacho nimezunguka nacho sana mpaka turubai lake likachanika katikati. Misumari alikipokea, akakigeuza juu chini, akaniangalia kwa masikitiko kama daktari wa mifugo, akaitikia kwa kichwa. Hakusema neno. Sikushangaa, mdomo ulikuwa umejaa.

"Usimsemeshe, yuko kazini," Randa alisema kwa fahari. "Siku hizi humsikii. Anapiga kazi tu. Ametulia kweli, mwandishi."

Hapo ndipo walipokosea, na ni kosa ambalo ni watu wa kazi ile tu wangelifanya. Katika karakana nyingine yoyote mtu akinyamaza siku kadhaa mfululizo, wenzake wataulizana. Mle ndani kunyamaza ndiyo ilikuwa dalili ya uzima. Misumari akiugua huongea: na ukuta, na springi, na kochi la watu. Asipoongea, misumari iko shavuni, nyundo inaimba, basi mambo ni shwari. Mama alikuwa akisikiliza kutoka chumbani kwake. Akisikia nyundo na asisikie sauti, anaendelea kuchambua mchele wake kwa amani.

Nilikuwa nakwenda kila siku, nikikaa juu ya kochi lolote lililokuwa limeisha. Saa ya chai Mama alikuja na chupa na vikombe. Kawaida wakati huo Misumari hutema misumari yake kwenye kifuniko cha chupa, huijaza karakana kelele, huisema mitindo ya wateja. Safari hii alionyesha kwa mkono kwamba chai iwekwe pale.

"Inapoa," Mama alisema.

"Mm."

"Mkate je?"

"Mm-mm."

Mama alimwangalia kwa upande. "Randa, dada yako jana alikuwa anatafuna upande mmoja. Na hilo shavu?"

"Misumari hiyo, Mama. Weka na wewe gao la vyuma shavuni tuone utafanana na nani."

"Nitafanana na baba yako," Mama alisema, akacheka, akaondoka na chupa yake.

Kesho yake Misumari alikuwa kwenye cherehani, anashona foronya za mito ya kochi. Randa alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, akasimamisha mkono. Alimtazama dada yake kwa muda, kisha akanitazama mimi, kisha akarudi kwake.

"Dada. Unashona."

Akaitikia kwa kichwa bila kuinua macho.

"Cherehani haina haja ya misumari. Hiyo mdomoni ya nini?"

Mguu wake uliendelea kukanyaga, foronya ikaendelea kutembea chini ya sindano. Randa alijaribu mzaha, maana ndiyo njia yake ya kwanza kila anapoogopa. "Kumbe wewe ndiye unayekula misumari yetu. Na mimi nilivyowasingizia panya." Kisha akachuchumaa mbele yake, akakinga kiganja kama anavyokingiwa mtoto aliyeokota kitu cha sakafuni. "Tema."

Misumari alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yamejaa na hayakudondoka.

"Tema, mwanangu." Hajawahi kumwita hivyo. Ni dada yake mkubwa.

Akatema. Misumari ilitoka mmoja mmoja kwa desturi, kama ilivyo kazini, ikaanguka kwenye kiganja cha kaka yake. Ilikuwa na damu, na harufu iliyotoka nayo ilinifikia mimi kwenye kochi.

"Nikiitoa nitawajibu," alisema. Sauti ilikuwa nzito, shavu halikumruhusu kufungua mdomo vizuri. "Na wewe ulimwapia Mama."

Randa aliufunga mkono wake, misumari yote ndani. "Wamerudi?"

"Wote. Yuko mmoja anasema wanapitia kwenye jino. Najua ni uongo, lakini kila wakisema linapiga."

"Tangu lini?"

"Sijui. Kwanza jino lilianza kuuma. Halafu sikulala. Halafu wakaja." Akafuta mdomo kwa kitambaa cha mteja, akaona alichofanya, akakiweka pembeni kwa adabu. "Usiichukue nyundo kabla sijamaliza kiti cha mwandishi. Amekuja kutoka mbali."

Nimesikia watu wakinitetea kwa lugha nyingi, wengine mbele ya askari wa mpakani. Hakuna aliyewahi kunitetea akiwa katika hali ile.

Mama alipoambiwa hakulia wala hakugombana. Aliingia karakana, akaiokota nyundo, akaenda nayo chumbani, tukasikia sanduku likifungwa. Asubuhi tulikwenda kliniki, wao watatu na mimi, kwa sababu Randa alisema mikono miwili haitoshi kuwashika wanawake wawili. Tulikaa kwenye benchi la kusubiria lililochanika, sponji imechungulia. Misumari alikuwa akijibizana na mtu ambaye hatukumwona, kwa sauti ya chini, kama anayemwomba asimwaibishe mbele ya watu. Katikati ya mabishano hayo kidole chake kilipitia kwenye mpasuko wa benchi, akageuka kwa kaka yake akauliza wazi kabisa, "Hili nani kalivalisha?"

"Sisi siyo," Randa alisema.

"Alhamdulillahi."

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye kuuliza polepole na kungoja jibu. Aliuliza kuhusu dawa. Randa alieleza kwamba dada yake humeza vidonge kila asubuhi mbele yake, hajawahi kuruka. Daktari alikuwa anaandika, nadhani ni kuongeza dozi, maana ndivyo ilivyofanyika mara zilizopita. Kisha akainua macho na kuiweka kalamu.

"Na hili shavu?"

"Ni misumari," Randa alianza kwa mazoea, halafu akasikia mwenyewe alichosema.

Daktari alisimama, akanawa mikono, akamwomba Misumari ruhusa, akagusa taya. Misumari aliruka. Alikuwa na homa. Hapo mambo yakaenda kwa utaratibu ambao mpaka leo naushukuru: damu ilichukuliwa, na badala ya kupewa tarehe tukavushwa uwanja mdogo hadi jengo la meno, daktari mwenyewe akitangulia mbele, ili asiachwe kwenye foleni mtu anayeamini kwamba kila anayempita anamsema. Chini ya gego palikuwa na jipu. Daktari wa meno alisema jino lilikuwa na ufa wa zamani. Hakujua kazi ya mgonjwa wake, akauliza kama hutafuna mawe.

Jino lilitoka. Alipewa dawa za kuua vijidudu, na zile dawa zake za siku zote daktari akazigeuza kidogo tu, akasema tungoje kabla ya kuongeza sana. Tulingoja. Mama alilala chumba kimoja na binti yake. Randa alichukua bunduki ya pini akajaribu kuvalisha viti mwenyewe, na mteja mmoja alimwuliza kwa heshima kama kiti kile kimevalishwa au kimefungwa kamba. Shavu lilipungua, homa ikaondoka, Misumari akalala usingizi wa mtu mzima. Na wapangaji nao walianza kushusha sauti. Mwanzoni alisema wako chumba cha pili, baadaye akasema wako nje ya geti.

Tuliporudi kliniki, Randa alikuwa na swali alilolibeba njia nzima.

"Kwa hiyo daktari, yote hii ilikuwa jino? Tungeling'oa tangu utoto tukapumzika."

"Laiti," daktari alisema. "Ningetupa vidonge, nikabaki na koleo."

Randa alicheka. Daktari aliendelea, na nimejitahidi kuyaweka maneno yake kama yalivyokuwa.

"Ugonjwa alikuwa nao na bado anao. Lakini mwili ukipigana na vijidudu, hutoa kemikali za kuitana, na ndiyo maana mahali panavimba na kupata moto. Habari za vita hivyo hazikai shavuni tu. Zinafika na kwenye ubongo. Wewe na mimi tunasikia uchovu, hatutaki kula, hatutaki watu. Kwa mwenye ugonjwa kama huu, watafiti wameona kwamba baadhi ya wanaozidiwa ghafla wana maambukizi mahali fulani, na vipimo vya uvimbe kwenye damu viko juu. Vya dada yako vilikuwa juu."

"Basi ndiyo hilo jino."

"Huenda lilichangia. Huenda ni maumivu, huenda ni kukosa usingizi, huenda yote pamoja. Tulibadili na dawa pia, hata kama ni kidogo. Wataalamu bado wanabishana kipi kinakitangulia kipi na kwa mgonjwa yupi. Nikikuapia nitakudanganya. Ninachokijua ni kwamba jipu lile lilikuwa halina faida kwake hata moja."

Nimeketi na waganga wa kila namna katika safari zangu, wa makoti meupe na wasio na makoti, na karibu wote walikuwa na uhakika. Huyu alikuwa wa kwanza kunifanya nione kwamba "huenda", likisemwa na mtu aliyekwisha kutazama shavu, lina utulivu wake.

Tulidhani yameisha. Mama, ambaye hakuwa amesema kitu tangu tuingie, alisogeza kiti.

"Daktari, na mimi nina langu. Nikiwa na mimba ya huyu niliugua homa kali. Nilikuwa sijijui. Baadaye sana jirani alisikia kwenye redio kwamba homa ya mama inaweza kumpata mtoto kichwani, aje awe hivi." Hakumwangalia binti yake. "Nimekaa nalo. Nauliza tu."

Randa alikuwa mdomo wazi, na ilikuwa wazi kwamba hajawahi kulisikia.

"Jirani hakusikia uongo," daktari alisema. "Ni jambo linalochunguzwa, na kwa maambukizi fulani wameona uhusiano. Lakini ni mdogo, mama. Wanawake wengi mno huugua homa wakiwa wajawazito, na watoto wao karibu wote hawapati ugonjwa huu. Na wenye ugonjwa huu wengi, mama zao hawakuugua chochote. Kuna urithi, kuna mambo mengine mengi, na mengine hatuyajui. Hakuna anayeweza kunyoosha kidole kwenye homa yako akasema ni hii. Na hata ingekuwa hii, homa ilikupata. Hukuiita."

Mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayejaribu kumeza kidonge kikubwa bila maji. Ndipo Misumari, aliyekuwa amejishika shavu lenye pengo, akamgeukia.

"Kumbe Mama na wewe miaka yote ulikuwa na mpangaji wako."

Mama alimtazama. "Nilikuwa naye."

"Alikuwa anasemaje?"

"Hilohilo moja tu. Kila siku."

"Wangu afadhali. Wangu angalau wanabadilisha maneno."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake, na binti yake akamsogezea kiti zaidi, wakakaa bega kwa bega. Daktari aliinama kwenye karatasi zake akituachia nafasi.

Nyundo ilirudi siku chache baadaye, lakini haikurudi bure. Mama aliitoa sandukuni, akaiweka juu ya meza ya kukatia, akabaki ameishika mpini.

"Siogopi wapangaji wako," alimwambia bintiye. "Ninachoogopa ni wewe kuwaficha. Ungekufa na jipu kwa kumwogopa shangazi yako."

"Simwogopi shangazi. Naogopa chumba cha ziada."

"Basi usifiche."

"Basi na nyinyi msininyang'anye."

Mama alimtazama Randa, maana kiapo kilikuwa chake. Randa alikohoa. Alisema yeye aliapa kumwondoa dada yake kwenye hatari, na hatari ameshaipata, na ameitengenezea dawa. Akatoa aproni mpya chini ya meza. Kifuani, shibiri moja chini ya mdomo, alikuwa ameshona kipande cha ngozi, na ndani ya ngozi ametia sumaku aliyoing'oa kwenye spika ya redio mbovu. Mshono ulikuwa wa kutisha. Alimwaga misumari juu yake, ikajishika yote kama manyoya.

"Mkono unapita njia ileile," alisema. "Mdomo unabaki wazi. Tukusikie."

Misumari aliivaa. Alijaribu misumari kadhaa kwenye ubao kwa nyundo ya kaka yake, akaukosa mmoja, akatukana sumaku, akajaribu tena. Mama akauachia mpini.

Kazi ya kwanza aliyoifanya kwa aproni ile haikuwa kiti changu. Alivalisha lile benchi la kliniki. Randa alilibeba mgongoni hadi karakana, akalirudisha na ngozi ya bandia ya rangi ya chai, na ukingo uliopigwa misumari sawasawa pande zote. Daktari alitaka kulipa. Misumari alimwambia akae kwanza, na daktari akakaa, kisha akasahau tulikuwa tunazungumzia nini.

Mimi niliondoka na kiti changu kikiwa kizima kuliko nilivyokinunua. Nilirudi msimu mwingine. Kabla sijafika mlangoni nilisikia kelele: nyundo, na juu ya nyundo sauti ya mwanamke anayemsema mteja aliyechagua zambarau. Randa alinipokea kwa uchovu.

"Mwandishi, nilifanya makosa na ile sumaku. Hanyamazi. Kutwa."

"Mwongo huyo," Misumari alisema. "Kaa hapo, hicho kimeshakauka."

Mama alileta chai. Misumari alikunywa, akatafuna mkate pande zote mbili, upande mmoja kwa uangalifu. Alipomaliza alishika nyundo, lakini hakuinua mkono. Alimgeukia kaka yake.

"Randa. Leo wamepita wawili. Kwa mbali."

Nilimwangalia Mama. Aliendelea kumimina chai.

"Dawa?" Randa aliuliza.

"Nimekunywa."

"Shavu?"

Akajibonyeza kulia, akajibonyeza kushoto. "Haliumi."

"Usingizi?"

"Nimelala kama gogo. Nikiona wanazidi nitakwambia, twende kwa daktari."

"Basi waambie wakae," Randa alisema, akirudia msasa wake. "Viti viko."

Misumari alicheka, akachukua msumari kifuani, akagonga.